THUMUNI, THULUTHI, SUDUSI: MAIKI YA MSIKITINI INAVYOKULA HAKI ZA WATU



Ndugu zangu wa Masasi, Newala, Tandahimba na popote mnaponisoma. Somo la leo ni refu. Najua wapo watakaosema, "Shehe kaacha dini kaingia ufundi redio." Sawa. Someni mpaka mwisho, halafu mnirudi kwa hoja.

Hebu tamkeni kwa sauti maneno haya matatu ya mirathi: thumuni, thuluthi, sudusi. Moja ya nane, moja ya tatu, moja ya sita. Sasa toeni konsonanti zote, mbakishe irabu peke yake. Mnabaki na nini? U-u-i. U-u-i. U-u-i. Neno lile lile mara tatu! Kinachotenganisha fungu la mjane na fungu la mama wa marehemu ni hiyo m, n, l, d, s na th, yaani kazi ndogo ya ulimi, meno na pua. Likumbukeni hilo, maana ndipo hasira yangu ilipoanzia.

Miaka miwili nyuma nilialikwa kutoa darsa la mirathi kwenye msikiti mmoja huku juu uwandani, upande wa Newala. Sitautaja. Watu walijaa, mama zetu wakajaa chumba chao cha nyuma. Nikaeleza: mume akifa akaacha mtoto, hata kama mtoto huyo ni wa mke mwingine, fungu la mjane ni thumuni, baada ya kulipwa madeni na kutekelezwa wasia. Mama wa marehemu, ikiwa marehemu ameacha mtoto, sudusi. Nikamaliza, tukaomba dua, tukala wali, nikashuka zangu Masasi.

Msimu wa korosho ulipoingia, mama mmoja akanifuata nyumbani. Akakaa kwenye mkeka, akanyamaza kitambo, kisha akasema:

"Shehe, watoto wa marehemu bwana wangu wananiita dhalimu. Nami nimefuata ulivyosema wewe."

"Nilisemaje, mama?"

"Ulisema thuluthi."

Shamba lenyewe lina mikorosho 48. Thumuni yake ni miti 6. Yeye alikuwa ameshajitengea miti 16 na ameanza kuokota. Watoto wa kambo hawamsalimu, na wajomba wameshaingia kati. Huku kwetu mjomba akiingia kwenye jambo la shamba, mnajua wenyewe.

Nikamwambia, "Mama yangu, mimi nilisema thumuni."

Akasema, "Shehe wangu, wallahi mimi nilisikia thuluthi."

Na hakuna aliyesema uongo kati yetu wawili.

Nikapanda tena Newala. Nikaomba ruhusa, nikaketi kwenye chumba cha mama zetu, nikampa kijana mmoja karatasi yenye maneno kumi, thumuni na thuluthi na sudusi yamechanganywa, asome pale mimbarini kwa maiki ile ile na mitambo ile ile. Mimi na kina mama wawili tukawa tunaandika tunachosikia. Kati ya kumi nilipatia manne. Mimi! Mtu ninayesomesha mirathi! Wale mama mmoja alipatia matatu, mwingine manne. Ukibahatisha kwa kufumba macho utapata matatu au manne hivyo hivyo. Kwa maana nyingine, ndugu zangu, chumba kile hakikuwa kinasikia darsa. Kilikuwa kinasikia mtu akiimba irabu.

Sasa tuje kwenye ubishi wenyewe. Nilipoieleza kamati, mzee wetu mmoja akanijibu, kwa heshima zote, "Shehe, wewe tusomeshe dini, maiki tuachie mafundi." Na kijana wa mitambo akasema dawa ni kununua seti mpya, kubwa zaidi, na maiki isiyo na waya.

Majibu yote mawili ni makosa, na nitaeleza kwa nini.

Anza na hilo la "tuachie mafundi". Kufikisha sauti ya imamu ni jambo la dini tangu mwanzo. Mtume wetu, sala na salamu zimfikie, alipokuwa mgonjwa maradhi yake ya mwisho na sauti imedhoofika, Abubakar (r.a.) ndiye aliyewasikilizisha watu takbira zake. Ile kazi ina jina katika fikihi: muballigh, mfikishaji. Adhana ilipoanza, aliyeota maneno yake hakuwa Bilal, lakini Bilal akapewa aadhini kwa sababu ya sauti yake. Kwa hiyo Mtume aliangalia sifa za sauti! Na spika zilipoingia misikitini karne iliyopita, wanazuoni wa Bara Hindi walibishana sana kama anayemfuata imamu kwa spika anafuata sauti ya imamu mwenyewe au mwangwi tu. Mufti Muhammad Shafi alikuwa na kauli kali juu ya jambo hilo, na alipopata maelezo ya wataalamu wa fani akalitazama upya. Mufti mzima anauliza kifaa kinafanyaje kazi. Sisi tunaona aibu kumuuliza hata mwuza duka.

Maiki ndiye muballigh wa leo. Muballigh akiwa hajui anachokibeba, mnamwacha?

Tuiangalie basi hiyo maiki. Nitachukua ile mnayoijua wote kwa sura, ya kushika mkononi, yenye kichwa cha wavu kama mpira: Shure SM58. Ilitoka mwaka 1966, na maiki nyingi za jukwaani mnazoziona ni hiyo yenyewe au mtu ameiga umbo lake. Karatasi inayokuja nayo ina mistari michache ya tarakimu, na hao wanaochanga mamilioni ya seti hawajawahi kuisoma.

Mstari wa kwanza unasema inasikia upande gani. Maiki hii haisikii sawasawa pande zote. Ukichora eneo lake la kusikia linatoka umbo la moyo: mbele inasikia vizuri, ubavuni inapungukiwa, nyuma kabisa ni kiziwi. Uziwi huo ndio rehema yake, kwa sababu spika ikikaa upande wa uziwi, sauti haimrudii maiki, na haipigi ule mluzi unaotoboa masikio. Mluzi hauna jini wala hasadi ndani yake. Maiki imesikia spika, amplifaya imekuza, spika imetoa, maiki imesikia tena, mzunguko ule ule mpaka mtu aruke kwenda kuzima.

Sasa angalieni misikiti yetu. Spika zimefungwa ukuta wa kibla, kulia na kushoto ya mihrabu. Imamu akiswalisha anaelekea kibla, maiki iko mbele yake inamtazama yeye, na ukuta uko mgongoni mwa maiki. Kimya, mambo mazuri. Ijumaa khatibu anawageukia watu. Maiki nayo imegeuka, uso wake sasa unautazama ukuta ule ule wenye spika. Inalia! Kijana anapunguza sauti, nyuma hawasikii. Anaongeza, inalia. Wiki zote 52 za mwaka tunalalamika "maiki mbovu", kumbe ni misumari miwili ya spika iliyopigwa mahali pasipo pake. Spika zisogezwe mbele ya mimbari kuelekea kwa watu, ziwape watu uso na maiki mgongo. Gharama yake ni ngazi ya kuazima na waya mita chache.

(Zipo maiki nyingine zenye kusikia kwa wembamba zaidi mbele, lakini zina sikio dogo nyuma kabisa, uziwi wao uko pembeni-nyuma, kama digrii 125 hivi kutoka mbele. Mkiwa nayo, spika msiiweke nyuma moja kwa moja. Karatasi inasema. Someni karatasi.)

Na hapa niwaseme mashehe wenzangu, nami nikiwamo. Tumeiga wasanii. Tunakamata maiki shingoni, kiganja kimefunika wavu. Umbo lile la moyo linatengenezwa na matundu yaliyo nyuma ya kichwa, yanayoingiza sauti kwa nyuma ili ijifute yenyewe. Elimu ya kufanya hivyo kwa kinasa kimoja ni ya tangu mwaka 1939, si jambo la jana. Ukifunika matundu, maiki inapoteza uziwi wake, inasikia pande zote, inalia. Ikilia tunafanya nini? Tunaifunika kwa kiganja ili inyamaze! Inalia zaidi. Tunamtazama kijana wa mitambo kwa macho mekundu mbele ya waumini. Kijana wa watu hana kosa.

Jambo la pili ni umbali. Kila unapouongeza maradufu umbali kati ya mdomo na maiki, unapoteza desibeli 6. Mdomo ukiwa sentimita 5, kisha 10, kisha 20, kisha 40, umepoteza desibeli 18. Kuzirudisha kwa amplifaya kunahitaji nguvu zaidi ya mara 60. Mara sitini! Hakuna kamati itakayonunua amplifaya mara sitini ili shehe astarehe na maiki kifuani. Siku ile ya darsa, nimekumbuka vizuri, maiki ilikuwa kwenye stendi usawa wa kifua changu, nami nimegeuza uso nikijibu maswali ya upande wa kulia. Kwa hiyo mama yule hakudhulumiwa na spika peke yake. Nami nilishiriki.

Vidole vinne kati ya mdomo na wavu, basi. Ukisogea zaidi ya hapo, maiki za aina hii zinavimbisha sauti nzito, unasikika kama unaongea ndani ya pipa, na kila p na b inapiga bomu. Ukiona hivyo igeuze kidogo pembeni ya mdomo, pumzi ipite kando. Newala penye upepo, mkiswali Idi uwanjani, vaeni sponji kwenye maiki. Na tafadhali, acheni kuipulizia "fuu, fuu" mkiijaribu. Ndani mna ngozi nyembamba sana ya plastiki. Semeni bismillah, ikisikika imewaka.

Sasa nifike kwenye lile lililoniumiza zaidi. Mstari mwingine kwenye karatasi unasema maiki ile inapokea hezi 50 mpaka 15,000. Hezi ni mitetemo kwa sekunde; chache ni sauti nzito, nyingi ni nyembamba. Irabu zina nguvu nyingi kule chini. Herufi za mluzi, zile tulizofundishwa kwenye tajwidi kuwa ni herufi za safiri, saad, zay na sin, nguvu yake kubwa iko juu ya hezi 4,000. Mnakumbuka simu za zamani za mezani? Zilipitisha hezi 300 mpaka 3,400 tu, ndiyo maana ukitaja jina unaulizwa, "S ya Salumu au F ya Fatuma?" Simu ilikuwa imekata pale hasa panapoishi tofauti ya s na f.

Watengenezaji wa maiki hizi wanajua hilo. Besi wameipunguza makusudi, na sehemu ya kuanzia kama hezi 2,000 kwenda juu wameiinua kidogo ili maneno yatoke. Maiki imeshamsaidia shehe kabla hajafungua mdomo. Kisha sisi tunafanya nini kwenye amplifaya? Besi tunafungua mpaka mwisho, tupate sauti "ya kiume". Trebo tunaizima, eti inakwaruza. Halafu tunaweka EKO.

Eko, ndugu zangu! Hili ndilo janga letu. Ukisema "thu", irabu yake bado inaning'inia ukumbini wakati "m" inapita, na m inazikwa hai. "Mu" inaning'inia, "n" inazikwa. Kinachofika chumba cha mama zetu ni uuu-uuu-iii. Kwa adhana sitagombana sana nanyi, maneno ya adhana kila mtu anayajua, hata jirani yetu Mkristo wa Masasi anayajua. Lakini darsa? Hotuba? Mirathi? Tunamlipa ustadhi amfundishe mtoto miaka mitano kutofautisha sin na saad, thaa na sin, haa nzito na haa nyepesi, tunamchapa akikosea, kisha anakwenda kusoma mbele ya watu na kitufe kimoja kinaifuta miaka mitano yote. Na waliomchapa ndio waliokizungusha kitufe.

Mtaniambia maiki mpya isiyo na waya itatibu. Haitatibu. Maiki isiyo na waya imeondoa waya tu. Kichwa ni kile kile, sikio ni lile lile, umbali ni ule ule, na umejiongezea gharama ya betri zitakazoisha katikati ya hotuba.

Mtaniambia, basi tununue ile yenye sikio kali zaidi. SM58 kwa sauti ya nguvu ya pascal moja inatoa milivolti 1.85, chini ya elfu mbili za volti. Zipo nyingine, aina ya kondensa, zinazotoa zaidi na zinahitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye miksa. Ukiiweka hiyo kwenye msikiti wenye mabati na sakafu ya saruji, itakusanya kikohozi cha safu ya tatu na feni na spika pia. Maiki yenye sikio zito ndiyo inayofaa penye kelele, kwa sharti la kuikaribia.

Kwa kuwa umeme wake ni mdogo hivyo, waya una maana kubwa. Plagi ya pini tatu haikuwekwa kwa urembo. Nyaya mbili zinabeba sauti ile ile kwa kupishana, chanya na hasi, ya tatu ni kinga. Mvumo wa umeme ukiingia njiani unaingia zote mbili sawasawa, na miksa ikitoa moja kwenye nyingine mvumo unajifuta, sauti inabaki. Mafundi wetu wanakata plagi hiyo, wanachomelea jeki ya kawaida, kisha wanauvuta mita 20 sambamba na waya wa umeme. Ndiyo ule "mmmmm" mnaousikia kabla ya khatibu kusimama.

Na jina kwenye boksi si ushahidi. Maiki bandia za jina hili zimejaa sokoni. Maiki halisi ina gramu 298. Nendeni nayo kwenye mizani ya duka la sukari. Si kipimo cha kumaliza, lakini ikija na gramu 200 mjue mmenunua sanamu. Fedha hiyo imetoka kwa nani? Kwa bibi aliyetoa shilingi elfu mbili katika malipo yake ya korosho, anaamini amejenga nyumba ya Allah. Mwekahazina wa amana hiyo akiulizwa, "fundi alisema" litakuwa jibu?

Wengine wenu hamtaki kusikika vizuri, mnataka kusikika MBALI. Honi nne juu ya mnara, darsa la saa mbili linarushwa usiku mpaka kwenye mawe ya Masasi linarudi, na chumba cha mama zetu kina spika moja iliyochanika. Masahaba walipopaza takbira safarini, Mtume aliwaambia wajihurumie, wanayemwomba si kiziwi wala hayuko mbali. Abu Musa amelisimulia. Na mwaka 2021 Wizara ya Mambo ya Kiislamu ya Saudi Arabia iliagiza spika za nje ziwe za adhana na iqama tu, na zisivuke theluthi moja ya uwezo wa kifaa. Huko Saudia! Hapa mtu akigusa kitufe anaambiwa anapiga vita Uislamu.

Ule msikiti tuliufanyaje? Hatukununua kitu. Eko tukazima. Besi tukashusha, trebo tukarudisha. Stendi tukainua vidole vinne kutoka mdomoni. Spika mbili tukazihamisha mbele ya mimbari, na moja nzuri ikatolewa nje ikapelekwa kwa mama zetu. Kijana akasoma tena maneno kumi, mpangilio mwingine. Nilipatia tisa. Kina mama, mmoja tisa, mwingine yote kumi. Mzee wetu wa kamati alikuwepo, akaomba naye aandike. Alipatia manane, na masikio yake ni ya miaka 70 na kitu.

Yule mama amerudisha miti 10. Korosho alizokwisha okota na kuuza tulizihesabu tukakubaliana alipe kidogo kidogo, nami nimebeba sehemu, kwa sababu sehemu ya kosa ni yangu. Mtoto mkubwa wa marehemu anamsalimu. Wa pili bado.

Jumamosi hii baada ya Alasiri, in shaa Allah, nitakuwa Newala, na Jumamosi inayofuata Masasi. Kamati yoyote inayotaka ije na maiki yake, waya wake na muadhini wake. Karatasi ya maneno kumi nitakuwa nayo. Sharti moja: waandishi wa majibu watoke chumba cha kina mama.

Wabillahi tawfiq.